Hazina ya Maneno na Mtihani wa Kiingereza

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu siku hizi umeingia mtihani ambao mama zetu hawakuujua. Si ule wa darasa la nane wala wa kidato cha nne. Huu hufanywa na mtu mzima, aliyekwisha kuhitimu, pengine aliyekwisha kuolewa na kuzaa, na ambaye amesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Naye huufanya ili afunguliwe mlango wa chuo kikuu au hospitali ya ng'ambo. Jina lake ni IELTS. Ulianza mwaka 1989, una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na alama zake hufika 9. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza kwa njia ya mtihani huu hutakiwa apate 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Wasomaji wetu watakumbuka habari ya mwaka 2021. Serikali ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi, furaha ikatanda, kisha kabla ya mwaka kwisha Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba katika wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Watu walicheka. Sisi hatukuona la kuchekesha. Hao ni watu waliofundishwa uuguzi kwa Kiingereza na waliojaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku ya kazi yao. Lugha waliijua. Ila Kiingereza cha wodini ni kimoja na Kiingereza cha karatasi ya mtihani ni kingine, na twaona kwamba kinachovitenga viwili hivyo, kwa sehemu kubwa, ni maneno.

Basi leo twataka kuzungumza na akina mama na mabinti juu ya maneno hayo: yapatikane vipi, na nyumba isaidie vipi, hata ikiwa mama mwenyewe hajui Kiingereza.

Mambo aghalabu huanza kuharibika dukani. Binti hununua kitabu kinene cha msamiati, au hutumiwa kwenye simu orodha ya maneno 3,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, akaanza kuyahifadhi moja baada ya jingine. Siku ya kwanza ni "abandon" na "abate". Wiki ya pili yuko herufi B. Wengi tuwajuao hawakuivuka C. Na hata yule mwenye azma, akafika Z, huingia chumba cha mtihani akakuta kwamba hakuna swali hata moja linalomuuliza maana ya neno peke yake.

Mtihani haupimi hivyo. Katika sehemu ya kusoma, mtahiniwa hupewa makala tatu ndefu zenye jumla ya maneno zaidi ya 2,000, maswali 40, na dakika 60. Makala husema "scarcity", swali likasema "shortage". Makala husema kitu "rose steadily", swali likauliza habari za "a gradual increase". Jambo ni lile lile, limevishwa nguo nyingine, na anayepimwa ni yule awezaye kulitambua kwa kulitupia jicho tu. Aliyelihifadhi neno kwa maana moja ya Kiswahili hulazimika kusimama, kutafsiri, kulinganisha. Na saa haimngoji.

Katika kuandika ndiko mambo yalipo mazito zaidi. Msahihishaji hugawa alama katika mafungu manne yaliyo sawa, na fungu moja zima ni la msamiati. Hapo ndipo binti hudhani kwamba neno kubwa lina alama kubwa. Huchomeka "plethora" mahali ambapo "many" ingetosha, na "myriad" sentensi ifuatayo, na insha yake ikawa kama bibi harusi aliyevalishwa dhahabu za mtaa mzima. Msahihishaji hadanganyiki kwa hayo. Kinachompandisha mtu kutoka alama 6 hadi 7 ni kutumia maneno yasiyo ya kawaida sana huku akionyesha kwamba anajua neno gani huandamana na lipi, na lipi linafaa katika andiko la aina gani.

Jambo hili la maneno kuandamana linataka kuelezwa kidogo, kwa sababu sisi Waswahili tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Mgeni akijifunza Kiswahili akaambiwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu, atafanyaje atakaposikia tumepiga pasi, tumepiga simu, tumepiga picha, tumepiga mswaki na tumepiga hodi? Hakuna aliyechapwa. Neno "kupiga" halina maana timamu mpaka ulione na jirani yake. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Mvua kubwa kwao ni "heavy rain", haiwi "strong rain"; lakini chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", haiwi "heavy tea". Uamuzi kwao "hutengenezwa", ndiyo maana husema "make a decision", na utafiti "huendeshwa", yaani "conduct research". Kwa hiyo binti anapoandika neno jipya katika daftari, asiliandike uchi. Aliandike pamoja na maneno mawili matatu ya jirani, katika sentensi nzima aliyoikuta mahali fulani.

Sasa, maneno ni mangapi? Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe linatia moyo. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya koo za maneno zipatazo 2,000 zinazotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 mwalimu wa New Zealand, Averil Coxhead, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 ya sayansi, sheria, biashara na sanaa, akauliza: ukiyaondoa yale ya West, ni maneno gani yanayorudi mara kwa mara katika masomo yote? Akapata koo 570. Orodha ya West peke yake hubeba zaidi kidogo ya robo tatu ya andiko la kitaaluma. Hizo 570 za Coxhead huongeza takriban asilimia 10. Mfano wake ni "analyse", "factor", "significant", "require", "policy". Si maneno ya fahari. Ni maneno ya kazi.

Binti aliyemaliza kidato cha nne vizuri ana ya West karibu yote. Ya Coxhead anayo nusu-nusu: huyatambua akiyaona, hayamjii akitaka kuandika. Akizishika koo 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, Ijumaa akapumzika, atazimaliza 570 kwa muda wa wiki 10 hivi. Huo ni mzigo unaobebeka. Kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kushika kamusi ni jambo jingine. Mtaalamu Paul Nation alikadiria kwamba hapo mtu hutaka koo 8,000 hadi 9,000, na hizo hazipatikani kwa wiki 10 wala kwa orodha. Tutalirudia hilo.

Tumesema koo, na tumekusudia. Neno haliishi peke yake. Kwetu, kutokana na "soma" tumepata msomi, somo, usomaji, someka na somesha, na mtoto wa miaka mitano huzichezea sura hizo bila kufundishwa. Kiingereza kina "analyse" kwa kitendo, "analysis" kwa jambo lenyewe, "analyst" kwa mtu, "analytical" kwa sifa. Ajuaye moja tu kati ya hizo amepata robo ya neno. Wengi hupoteza alama hapa: fikra ni sahihi, shina ni sahihi, lakini wameweka jina mahali pa kitendo.

Na waliopita chuoni wana faida ya ziada. Tangu utotoni wamezoea kwamba herufi tatu, k-t-b, ndizo zilizozaa kitabu, katibu na maktaba. Kiingereza cha kitaaluma kimejengwa juu ya mashina ya Kilatini na Kiyunani kwa namna inayokaribiana na hiyo. "Spect" ni kutazama: "inspect" ni kukagua, "spectator" ni mtazamaji, "retrospect" ni kutazama nyuma. "Bene" ni wema na "mal" ni ubaya, kwa hiyo aliyekutana na "malnutrition" wodini anaweza kubahatisha "malevolent" ni mtu wa nia gani hata kama hajapata kuliona neno hilo. Mashina 30 ya namna hii, yakijulikana vyema, humfaa mtu kuliko maneno 300 ya kukariri.

Kuna maneno mengine ambayo ni ndugu zetu kabisa, na hatutaki kuyapita kimya. "Monsoon" ni "mawsim" ya Kiarabu iliyosafiri kupitia Kireno, na sisi tunayo nyumbani kwa jina la msimu. Mabaharia wa Lamu na Mombasa waliingoja Kaskazi na Kusi kwa neno hilo kabla Waingereza hawajaja. "Tariff" na taarifa yetu wametoka kwa "ta'rif" mmoja. "Cipher" ni "sifr", sifuri yetu, na ndipo ukapata "decipher", kufumbua kilichofichwa. "Magazine" asili yake ni "makhazin", yaani maghala, na shina lake ndilo lililotupa hazina. Ndiyo maana kwa Kiingereza mpaka leo ghala la risasi nalo huitwa "magazine". "Algebra" ni "al-jabr", kutokana na kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, na jina lake mwenyewe ndilo lililozaa "algorithm". Haya hayatoshi kumfaulisha mtu, ni machache mno. Lakini tumeona binti anayeogopa Kiingereza kama mali ya watu akilegea moyo anapogundua kwamba baadhi ya mali hiyo ilipita bandarini kwake.

Yapo pia maneno yenye hila, na haya twayahofia zaidi kuliko yale magumu. Ni maneno ambayo kila mmoja anayajua, kumbe anajua maana moja tu. "Novel" ni riwaya, lakini katika makala ya sayansi ni kitu kipya kisichopata kuonekana. "Address" ni anwani, na pia ni kulishughulikia tatizo. "Sound" ni sauti, lakini hoja ikiitwa "sound" ni madhubuti. "Appreciate" ni kushukuru. Fedha "iki-appreciate" imepanda thamani. Muuguzi amelitamka neno "patient" mara elfu akimaanisha mgonjwa, na huenda akasahau kwamba ni subira vilevile. Neno geni humfanya mtu asimame na kufikiri. Neno hili la uso wa rafiki humpitisha haraka hadi kwenye jibu la makosa. Dawa yake ni kuwa na shaka: sentensi isipoleta maana, shuku neno unalolijua.

Hata hivyo kuyajua maneno si kuyaweka. Kuyaweka ni kazi nyingine. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake: alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima zimebaki kiasi gani. Baada ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu, na baada ya siku moja takriban thuluthi mbili. Aliona pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikilia zaidi kuliko kurudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Wasomaji wetu watatabasamu, kwa kuwa ustadhi yeyote wa chuo angalimwambia hivyo bure. Aliyehifadhi hapokei somo jipya kabla hajasikilizwa la jana, na la wiki iliyopita halikuachwa, na juzuu za mwaka jana zina siku yake ya kudurusiwa. Anayeacha kudurusu hupokonywa. Binti zetu wamelelewa katika mpango huu, kisha wakifika kwenye Kiingereza wanauweka kando na kukesha na kitabu siku tatu kabla ya mtihani.

Katika miaka ya 1970 Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, aliutia mpango wa namna hii ndani ya kisanduku, nasi twapendekeza utiwe ndani ya makopo ya maziwa, yaliyomo katika kila nyumba. Yachukuliwe matatu. Maneno yaandikwe kwenye vipande vya karatasi ngumu: upande mmoja maana kwa Kiswahili na sentensi yenye pengo, upande wa pili neno la Kiingereza. Kopo la kwanza hufunguliwa kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki. Kadi ikijibiwa sawasawa huhamia kopo lifuatalo. Ikikosewa, hata kama ilikuwa imefika la tatu, hurudi la kwanza.

Hapa ndipo mama anapoingia. Ashike kadi, asome upande wa Kiswahili kwa sauti. Binti ataje neno na alitaje herufi moja moja. Mama afuatilie kwa kidole. Hahitaji kujua Kiingereza kufanya hivyo, ajue kusoma tu, na hijai ya Kiingereza ni hii hii ya Kiswahili. Hizo herufi si jambo dogo: katika sehemu za kusikiliza na kusoma, jibu lililo sahihi likiandikwa kwa tahajia mbovu huhesabiwa kosa. Dakika 20 baada ya alfajiri zatosha. Twajua wakina bibi watakaofurahi kupewa kazi hii kuliko wanavyofurahia simu.

Maneno yaliyobaki, yale maelfu ya Nation, hayana njia nyingine ila kusoma. Nusu saa kila siku, na asisome vitabu vya mtihani tupu. Makala za sehemu ya kusoma hutolewa katika vitabu, majarida na magazeti yaliyoandikwa kwa watu wa kawaida: habari za wanyama, historia ya uvumbuzi, miji, afya, tabia za watu. Muuguzi asome kurasa za sayansi na afya za gazeti la Jumapili, na kisha asome asichokizoea, kwa kuwa mtihani hautamuuliza habari za wodi yake. Asikimbilie kamusi kila neno. Alipitie neno, alikisie, aendelee. Likirudi mara ya tatu ndipo litafutwe na kuandikiwa kadi.

Yote haya yanataka wakati, na wakati wa mwanamke nyumbani kwetu una wenyewe wengi. Tuseme wazi. Kijana wa kiume akijiandaa kwa mtihani, nyumba nzima hunong'ona. Dada yake akijiandaa kwa mtihani ule ule, huambiwa ageuze maandazi kwanza. Aliyeolewa hali yake ni ngumu zaidi: hutoka zamu ya usiku, akakuta watoto, nguo na wageni. Hatusemi aachiwe kila kitu. Twasema saa moja kwa siku, kwa wiki 10, mume au mama mkwe au wifi ashike watoto, mlango ufungwe. Ada ya mtihani ni nzito, na nyumba inayoweza kuikusanya ada hiyo mara mbili kwa ajili ya kurudia inaweza pia kuikusanya saa hiyo moja.

Wapo watakaomfuata binti wakidai wana karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, au insha zilizokwisha kuandikwa za kuhifadhiwa kama shairi. La kwanza ni wizi hata kama ingekuwa kweli. La pili wasahihishaji wamefunzwa kulitambua, na insha iliyokaririwa huangusha.

Mawili ya mwisho, kwa aliyekwisha kulipa. Katika kusikiliza na kusoma hakuna alama inayokatwa kwa jibu la makosa, basi asiache pengo hata moja. Na matokeo hutumika kwa miaka 2 tu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe, aulizie kwanza vyeti vyake vingine vimefikia wapi, hasa vile vinavyongojea sahihi ya ofisi.